Filimbi Mbili Kivukoni

Mama Vifungo hakugombea uenyekiti. Nilikuwepo, naapa. Mwalimu mkuu aliuliza ni mzazi gani yuko tayari kuliongoza kundi la wazazi wa kujitolea, na ukumbi mzima ukaanza kukagua vidole vyake vya miguu. Wakati huo huo Mama Vifungo akakumbuka kwamba ameacha pasi ikiwaka dukani. Akasimama aende kuizima. Watu wakapiga makofi. Alipofika mlangoni alikuwa mwenyekiti tayari, na mimi niliyekuwa nikicheka kuliko wote nikateuliwa katibu, nadhani ili nijifunze adabu.

Ni fundi cherehani. Jina la Mama Vifungo alipewa na watoto, kwa sababu kila asubuhi alisimama langoni na sindano yenye uzi kaichomeka kwenye kola ya gauni, akiwashonea vifungo waliovipoteza kwa kukimbizana. Cherehani yake iko katika chumba cha mbele cha nyumba ya shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, hatua chache tu kutoka shuleni. Mimi nina kibanda ubavuni mwa nyumba hiyo hiyo, natengeneza simu.

Mumewe alipofariki, shemeji huyo alitoa makochi kwa mikono yake katika chumba kile, akafagia, akasema, "Shemeji, weka cherehani hapa, usihangaike tena." Hakuwahi kumkumbusha hata siku moja. Lakini wema wa namna hiyo hauhitaji kukumbushwa. Kati ya cherehani na sebule ya mwenye nyumba palikuwa na pazia tu, na kutwa nzima Mama Vifungo alimsikia mfadhili wake akikohoa upande wa pili.

Sasa, nasikia kuna shule ambazo wazazi hawajitokezi. Nazionea wivu. Wetu walijitokeza kupita kiasi. Baba mmoja alijitolea kupaka ubao rangi mpya, akaupaka rangi ya mafuta ya kung'aa, na kwa wiki nzima chaki iliteleza juu yake kama mjusi kwenye kioo. Mwingine, mstaafu wa posta, alikuja alfajiri kusafisha bustani, akang'oa maharage yote ya somo la sayansi akidhani ni magugu. Watoto walilia. Yeye alisimama kando anatabasamu, anasubiri kushukuriwa.

Mama Vifungo hawezi kumwambia mtu "hapana" mbele ya uso wake. Ndivyo alivyo. Kwa hiyo alibuni dawa yake: mzazi akizidi bidii, mpe cheo. Yule wa maharage akawa Mlezi wa Bomba, na tangu siku hiyo alikaa kwenye kigoda kando ya bomba la maji akilichunga kama mbuzi, asiguse kingine chochote. Dawa ilifanya kazi. Mimi mwenyewe niliisifu. "Wewe ungekuwa rais," nilimwambia, naye akacheka mpaka uzi ukakatika.

Basi ndipo akaja shemeji.

Huyu shemeji mtaani tunamwita Refa. Alichezesha mpira maisha yake yote, mechi za mitaa na za wilaya, mpaka magoti yakamgomea. Tangu aache, alikuwa mtu wa kukaa sebuleni akisahihisha habari za redio. Siku moja alitokea kupitia pazia, kavaa fulana yake nyeusi, filimbi shingoni, akasema barabara ya mbele ya shule ni hatari na yeye atawavusha watoto asubuhi. Ni kweli ilikuwa hatari. Ni mteremko, na malori ya mchanga hushuka pale utadhani yanafukuzwa.

"Shemeji, tumepata bahati," Mama Vifungo akamjibu. "Wewe ni Kamanda wa Barabara."

Refa akawafundisha watoto sheria yake. Filimbi moja ndefu, simama. Filimbi mbili fupi, vuka. Kwa mtu wa mpira ni jambo lililo wazi, kwani uwanjani filimbi ikilia mchezo unasimama.

Hazikupita siku nyingi akaja Mama Pacha. Huyu huoka mikate kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo mchana wenzake wanapochoka yeye ndiyo kwanza nguvu zinapanda. Hajui kuongea bila kupiga makofi. Alifika dukani na filimbi yake mwenyewe, ya plastiki, rangi ya chungwa, akasema asubuhi kuna mtu lakini jioni watoto wanavuka kama kuku. Mama Vifungo akatazama pazia. Akateremsha sauti.

"Basi wewe utakuwa Kamanda wa Barabara wa jioni, mama. Lakini tuzungumze taratibu."

Mama Pacha alizungumza taratibu mpaka alipofika barabarani. Naye akaweka sheria yake: filimbi moja, vuka, filimbi mbili, simama. Na kwake pia ni jambo lililo wazi, maana kwenye mbio za shule filimbi moja ndiyo ya kuanzia, na mtu akikubishia hodi mara mbili mfululizo ujue kuna jambo.

Nilikuwa wa kwanza kuliona hilo. Nilimwambia mwenyekiti wangu, "Hawa wawili wanapishana kama sukari na chumvi. Waite, wakae, wakubaliane." Akasema atawaita. Kesho yake nikamuuliza, akasema shemeji ana mafua. Wiki iliyofuata akasema Mama Pacha ana oda kubwa ya mikate. Ukweli ni kwamba kila mmoja wao alidhani mwenzake ni msaidizi wake, na Mama Vifungo hakuwa na moyo wa kuwatoa kwenye ndoto hiyo, hasa yule wa nyuma ya pazia. Na kwa kuwa mmoja alikuwa wa asubuhi na mwingine wa jioni, watoto walijua kumtazama mtu kabla ya kusikiliza filimbi. Watoto wana akili. Ndiyo iliyotuokoa mpaka siku ile.

Siku ile walimu walikuwa na kikao, shule ikafungwa mchana. Nilituma ujumbe kwenye kundi la wazazi: leo watoto wanatoka mchana. Ujumbe wa kawaida kabisa. Mama Pacha akausoma akasema, kutoka ni kwangu. Refa akausoma akasema, siku isiyo ya kawaida inataka mtu mwenye uzoefu.

Nilipotoka kibandani niliwaona wote wawili, Refa upande wa shule akiwa na kundi la watoto nyuma yake, Mama Pacha ng'ambo ya pili akipunga mikono. Mama Vifungo naye alikuwa amesimama mlangoni pake, futi ya kupimia shingoni. Tukatazamana. Nadhani wote wawili tulielewa kwa pamoja, na wote wawili tulikuwa tumechelewa.

Lori lilikuwa linashuka, limejaa mchanga.

Refa aliliona. Akapuliza moja, ndefu, kwa nguvu zake zote. Simama! Watoto wake wa asubuhi wakasimama. Lakini Kadogo, binti wa Mama Vifungo, yupo darasa la kwanza, alikuwa ukingoni kabisa, na macho yake yalikuwa ng'ambo kwa Mama Pacha, maana jioni zote huvushwa na Mama Pacha. Akasikia filimbi moja. Akavuka.

Mama Pacha alipomwona anaingia barabarani alipuliza mbili, za haraka. Simama! Na wale watoto wa upande wa Refa, waliokuwa wametulia, wakasikia mbili. Wakaanza kuvuka.

Na Kadogo, mtoto msikivu, mtoto anayesifiwa na mwalimu wake kwa kusikiliza, alisikia mbili akatii. Akasimama. Katikati ya barabara, miguu pamoja, mikono ubavuni, kama alivyofundishwa.

Sijui kusimulia kelele ya breki zile. Lori liliyumba, mchanga ukamwagika upande mmoja, vumbi likafunika kila kitu. Refa alikuwa ametanua mikono, kawasukuma watoto nyuma mpaka wakaangukiana. Mama Vifungo alikwishafika barabarani, viatu vyake viko mlangoni. Vumbi liliposhuka tulimwona Kadogo. Bampa la lori lilikuwa mbele ya uso wake, karibu kiasi kwamba angeweza kuligusa bila kunyoosha mkono. Hakuwa amejongea. Alikuwa bado anasubiri filimbi.

Mama yake alimbeba bila kusema kitu. Dereva alishuka akakaa chini, kwenye lami, akashika kichwa. Na wale makamanda wangu, mnadhani walifanya nini? Walianza kugombana.

"Nani kakwambia upulize mbili?" Refa alifoka.

"Na wewe moja ya nini, mtoto anaingia barabarani?"

"Moja ni simama! Dunia nzima moja ni simama!"

"Dunia ya nani, baba? Mimi ndiye Kamanda hapa!"

"Kamanda ni mimi!"

Wote wawili wakageuka kumtafuta aliyewapa cheo. Mama Vifungo alikuwa kaketi ukingoni mwa barabara na mtoto kifuani. Akasema, kwa sauti ndogo lakini kila mtu aliisikia, "Niliwapa wote. Niliogopa kumkatalia yeyote, nikawapa wote."

Mafahali wawili hawakai zizi moja, huo msemo kila mtu anaujua. Aliyewafungulia mlango wa zizi ndiye tunayemsahau.

Mwalimu mkuu alikuja, akatusikiliza, uso umempauka. Akasema mamlaka yake yanaishia kwenye lango, mzigo wa barabarani tulijitwika wenyewe, na tuutue wenyewe kabla kengele ya kesho asubuhi haijalia. Mama Pacha alianza kulia pale pale. Alivua filimbi yake, akaishika mkononi, lakini hakuitoa.

"Natoa yangu akitoa na yeye," alisema. "Kesho nikimwona na filimbi, nami nakuja na yangu. Wanangu wawili wanavuka hapa, siwezi kuwaachia mtu mmoja asiyenisikiliza."

Kwa hiyo mzigo wote ukabaki kwa mtu mmoja. Mama Vifungo alikuwa na jioni moja tu ya kuichukua filimbi ya Refa, na asipoichukua, asubuhi filimbi mbili zingelia tena pale pale.

Alasiri nilikaa naye dukani. Kadogo alikuwa chini ya meza ya kukatia nguo, amejikunja juu ya vitambaa. Tangu mchana hakuwa ametamka neno. Mama yake alishona mshono mmoja, akaufumua, akaushona tena, akaufumua. Nyuma ya pazia tulimsikia Refa akimweleza mkewe kwa sauti ya mtu mwenye suluhisho: kuanzia kesho atasimama asubuhi, mchana na jioni, yeye peke yake, ili asitokee wa kuwachanganya watoto.

Mama Vifungo akazima taa ya cherehani. "Twende wote," aliniambia. "Nisije nikaogopa nikampa cheo kingine."

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Karibu, katibu. Mtoto anaendeleaje?"

"Yupo. Hajasema kitu."

Refa alikuwa kwenye meza, anasafisha filimbi kwa mswaki wa zamani. Ukutani juu yake palikuwa na picha, yeye kijana, kanyoosha mkono, na wachezaji wazima wamemzunguka wakimsikiliza. Alituonyesha viti. Mwenzangu hakukaa.

"Shemeji, nimekuja kwa ajili ya hiyo filimbi."

"Nimeshapanga kila kitu. Kesho mimi..."

"Nimekuja kuichukua."

Mswaki ukasimama. "Kuipeleka wapi?"

"Popote. Isirudi barabarani."

Alimtazama kama mtu aliyeongeleshwa na kabati. Kisha akacheka kidogo, akitumaini nitamsaidia kucheka. Nikaangalia sakafu.

"Mimi sikukosea," alisema. "Niliona lori, nikapuliza. Nilipuliza sahihi."

"Ulipuliza sahihi. Mama Pacha naye kapuliza sahihi. Mwanangu katii sahihi. Nyote mlikuwa sahihi, shemeji, na nusura nizike mtoto."

Mkewe alichungulia kutoka jikoni, akarudi.

"Unaniambia hayo ndani ya nyumba yangu?" Sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Mama Vifungo akaishika futi yake ya kupimia, akaivuta pande mbili. "Ndani ya nyumba yako. Na kama cherehani inabidi itoke kesho, itatoka, sitakulaumu. Ulinisitiri nilipokuwa sina mtu, sijasahau na sitasahau. Mdogo wako tulimzika pamoja, mimi na wewe. Huyu sitamzika kwa ajili ya kuona haya."

Refa aliuweka mswaki mezani. Hata kikohozi hakikuja.

"Cheo ulinipa wewe," hatimaye alisema.

"Nilikupa mimi. Nikampa na yeye hicho hicho, nikawaficha. Kosa ni langu na nitalisema mbele ya wazazi wote. Lakini filimbi naitaka."

Refa aliigeuza filimbi kiganjani. Alikuwa amezeeka ghafla, au labda ni mimi niliyekuwa sijamwangalia vizuri siku zote. "Wale wachezaji niliokuwa nawatoa kwa kadi nyekundu," alisema, "walikuwa wanasimama pale pale. Hawatoki. Nilikuwa naona ni ukaidi." Akaifumbata filimbi. "Nendeni tu. Niacheni."

"Shemeji..."

"Niacheni, nimesema."

Tukatoka mikono mitupu. Mama Vifungo alimtoa Kadogo chini ya meza, akafunika cherehani kwa kitambaa, akakitazama chumba kwa muda, kona kwa kona. Sikumuuliza anatazama nini. Nilijua anapima vitakavyobebwa.

Asubuhi nilifika kivukoni kabla ya wote, au nilidhani hivyo. Mama Pacha alikuwepo. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni na niliona kamba ya rangi ya chungwa ikining'inia. Mlezi wa Bomba alikuwepo, na wazazi wengine wengi, maana habari za namna hiyo hazilali. Hakuna aliyemsalimia mwenzake zaidi ya kutikisa kichwa. Mama Vifungo alikuja amemshika Kadogo mkono. Walipofika ukingoni mtoto akagoma. Hakulia. Alisimama tu, miguu pamoja, mikono ubavuni, kama jana. Mama yake alimvuta taratibu, akawa mzito kama gunia. Magari yanapita. Kengele inakaribia.

"Huyo anakuja," Mama Pacha akasema, na mkono ukaanza kutoka mfukoni.

Refa alikuwa anatoka nyumbani kwake. Hakuvaa fulana nyeusi. Alivaa shati lake la nyumbani, lile lililofifia, na mkono wa kulia ulikuwa mfukoni pia. Alitembea polepole kwa sababu ya magoti, na sisi sote tuliutazama mfuko ule. Alitupita bila salamu. Akafika mbele ya Kadogo, akainama, magoti yakalia, akautoa mkono. Ulikuwa mtupu. Akamnyooshea mtoto.

Kadogo aliutazama. Ndipo akasema, neno lake la kwanza tangu jana, "Baba mkubwa, leo tunavuka kwa ngapi?"

Refa aligeuka akatazama mteremko. "Leo hakuna filimbi, mwanangu. Leo tunaangalia."

Kadogo akampa mkono. Wakaangalia kulia, wakaangalia kushoto. Gari likapita, pikipiki ikapita, barabara ikawa nyeupe kabisa, na bado Refa hakusogea.

"Sasa?" Kadogo akauliza.

"Wewe unaonaje?"

Mtoto akanyoosha shingo. "Bado. Kuna baiskeli."

Kwa kweli ilikuwepo, mbali huko juu ya mteremko, mzee mmoja anakanyaga bila haraka. Tuliisubiri sote. Ilichukua muda wake, ikafika, mzee akatushangaa, umati mzima umepanga mstari kwa ajili yake, akapita. Ndipo wakavuka, mmoja anachechemea, mwingine anamwongoza.

Mama Pacha alirudisha kamba mfukoni, akamshika mtoto wake mmoja kulia na mmoja kushoto, akawafuata. Na Mlezi wa Bomba, moyo ukiwa umemjaa, akainua mikono apige makofi.

Mama Vifungo aliidaka hewani. "Usithubutu," alimwambia. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Ukimpigia makofi, kesho atakuja na filimbi."

Akaishikilia mikono ya mzee yule mpaka wale wawili walipoingia langoni.